Kitanda cha Dirishani

Kwa miaka sita Bathsheba Mong'ina alipika katika nyumba ya mapumziko ya kanisa pale Sindo, na hakuna siku aliyoambiwa akae chini. Wajane, waliofiwa na watoto, waliochomewa nyumba, wote walikuja wakalala majuma mawili, wakatazama ziwa, wakarudi kwao wamenawiri. Uji wao aliukoroga nani? Ni yeye, mjane vilevile, tena mwenye mgongo unaomuuma.

Mwaka 1966 akaletwa Rael, Mkuria wa Isebania, aliyefiwa na mume kisha mashemeji wakamnyang'anya ng'ombe. Akapewa kitanda cha dirishani. Bathsheba alishikwa na wivu, wivu hasa. Kila alipompelekea chai akamkuta amenyoosha miguu, alitamani kuimwaga, asithubutu.

Sheria ya nyumba ilikuwa moja: mgeni hagusi kazi, na akishika mwiko basi amepona, afungashe. Aliyeiweka ni Mama Jerusha, msimamizi, ambaye hakuwa na mzaha.

Ijumaa moja, chakula cha Sabato kikitakiwa kuiva kabla jua halijatua, Bathsheba akajikalisha kigodani, akashika kiuno, akamwomba Rael amsaidie kusonga ugali wa wimbi. Rael, maskini, akajifunga leso akasonga, hata akaanza kuimba, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu afike. Bathsheba alikuwa ameshatuma mtu kumwita Mama Jerusha, eti chumvi imekwisha.

Mama Jerusha akasimama mlangoni, akasikiliza ule wimbo. Akaonja ugali.

“Huyu amepona,” akasema.

Bathsheba akainama kuificha furaha yake.

“Lakini arudi kwa nani? Atabaki hapa apike. Na wewe, Mong'ina, nimeona unavyoshika kiuno. Kosa ni langu, ningeona mapema. Enda ulale kile kitanda cha dirishani, majuma mawili.”

Akalala. Siku ya Sabato wageni walikula kile chakula, wakauliza aliyepika ni nani, wakaomba waongezwe. Miaka sita, na hakuna aliyewahi kumwomba Bathsheba nyongeza.

Jumapili asubuhi akasikia mwiko ukigonga sufuria yake. Kisha Rael akaingia na kikombe cha chai, uso umemnawiri.

“Wewe pumzika tu, mama,” akamwambia. “Huko jikoni nimeshazoea.”

Bathsheba akapokea kikombe kwa mikono miwili, akashukuru, akangoja mlango ufungwe. Kisha akafungua dirisha, akaimwaga chai yote.