Mwanamke wa Ziwani Aliyehamia Boito

Majani ya chai yakitandazwa ili yanyauke hutoa harufu ya tofaa lililokatwa na kusahaulika mezani. Yakishasagwa na kuachwa yachachuke, harufu hiyo huwa nzito na tamu, kama asali iliyopashwa moto. Baba yangu alifanya kazi katika chumba cha kukaushia majani, na harufu hiyo ilirudi naye nyumbani kila siku, kwenye nywele, kwenye sweta, hata kwenye noti alizompa Mama. Tuliishi katika laini, yaani zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa safu kwa safu, kwenye shamba kubwa la chai upande wa Boito. Wazazi wangu walitoka kando ya ziwa, huko magharibi, ambako kila kilima na kila jiwe lina kisa chake. Sisi watoto wa laini hatukuwa na kisa chochote. Mashamba yetu yalikuwa na namba tu. Mtu akiniuliza kwetu ni wapi, nilijibu, "Namba Tisa." Tulipokwenda kwa bibi wakati wa Krismasi, binamu zangu walinicheka mpaka wakakaa chini. "Huyu amezaliwa kwenye namba!" Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na jambo hilo liliniuma kuliko nilivyoweza kueleza.

Ndipo muhula wa pili, mvua kubwa ikiwa bado haijaisha, akaja Madam Bronwen. Alikuwa mwalimu wa kujitolea, mwanamke mrefu mwenye nywele za rangi ya kutu, na siku ya kwanza aliingia darasani akiwa amevaa gambuti zenye matope mpaka magotini. Wenzangu Wakipsigis walimwita Madam Pronweni, naye akaitika bila kusita. Mtu mmoja alipomwita Mwingereza, alicheka kwa sauti akatikisa kichwa. Alisema yeye ni wa Welisi, nchi ndogo ya milima na mvua, na kwamba wana lugha yao wenyewe. Kisha akaona kibao kilichoning'inia shingoni mwa jirani yangu wa dawati, kile tulichokiita diski, alichovikwa mtoto aliyekamatwa akisema lugha ya nyumbani. Alikivua polepole, akakigeuzageuza mkononi. Akatuambia kwamba bibi wa bibi yake alivikwa kibao kama hicho shuleni, kwa kosa hilohilo. Hatukujua kwamba mzungu anaweza kuvikwa diski. Tangu siku hiyo, katika kipindi chake diski ililala kwenye droo, na sisi tukampenda kwa fujo, kwa namna ambayo watoto hupenda, tukigombea hata kumbebea chaki.

Ijumaa moja alitupeleka matembezi hadi bwawa la shamba, lililochimbwa chini ya mikaratusi ili kuhifadhi maji ya kiwanda. Maji yake yalikuwa meusi na yametulia, ukungu umeyakalia juu kama kitambaa. Madam alisimama, akashika kiuno. "Jamani," alisema kwa Kiswahili chake cha vitabuni, "hapa ni kama kwetu kabisa!" Wenzangu walikuwa wameshakimbilia kutafuta vyura, kwa hiyo akanisimulia mimi niliyebaki kando yake. Kwao kuna ziwa dogo jeusi chini ya mlima. Kijana mmoja aliyekuwa akichunga ng'ombe alimwona mwanamke ameketi juu ya maji, akichana nywele. Kijana akampa mkate. Mwanamke akasema mkate wako mgumu, akazama. Kesho yake akamletea unga uliokandwa tu, bila kuokwa. Mwanamke akasema huu mbichi, akazama tena. Siku ya tatu akaleta mkate ulioiva nusu, na mwanamke akacheka, akatoka majini, akaja na ng'ombe wake mwenyewe, wengi na wazuri. Akakubali kuolewa kwa sharti moja: ukinipiga mara tatu bila sababu, ninarudi kwetu. Wakaishi vizuri. Lakini mume akampiga kofi siku moja kumharakisha. Akampiga tena alipolia kwenye harusi, na mara ya tatu alipocheka matangani. Yalikuwa makofi mepesi tu, Madam alisema, lakini hesabu ni hesabu. Mwanamke hakubishana. Alisimama uani akawaita ng'ombe wake kwa majina, mmoja mmoja, nao wakamfuata ziwani. Hata maksai waliokuwa wakilima waliondoka na jembe lao, wakachimba mfereji mlimani mpaka majini. "Na mfereji huo upo mpaka leo," akasema. "Mimi nimeukanyaga."

Sijui nikuelezeje jinsi nywele zilivyonisimama. Nilitazama bwawa letu, na kando yake nikaona mtaro wa zamani ulioteremka kutoka kwenye chai mpaka kwenye maji. Ulikuwa mtaro wa kupitishia maji ya mvua, najua sasa. Siku ile niliona jembe.

Nilikimbia nyumbani bila kugusa ardhi. Jikoni nilimkuta Mama akiwa na mama Chebet, jirani yetu aliyetuletea maziwa kila jioni. Yeye hakuishi kwenye laini. Alikuwa Mkipsigis, na yeye na mumewe walikuwa na shamba lao dogo la chai ng'ambo ya barabara, pamoja na ng'ombe wawili na ndama aliopewa na kaka zake. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na mara nyingine alivaa leso chini hadi kwenye jicho kuficha alama. Kila mtu alijua, hakuna aliyesema. Mimi nilikuwa nimejaa hadithi kama sufuria inayofurika, nikaimwaga yote palepale. Ila nilibadilisha kitu kimoja. Sikusema Welisi. Nilisema ilitokea hapa, kwenye bwawa letu, zamani kabla ya chai.

"Wewe Akinyi," Mama akasema, "nani amekuambia hayo?"

"Watu wa zamani," nikajibu, nikashangaa ulimi wangu ulivyokuwa mwepesi.

Mama alicheka akaendelea na ugali wake. Lakini mama Chebet alikuwa ameweka kibuyu cha maziwa chini. "Hizo ng'ombe," akauliza, "zilikuwa zake ama za bwana?"

"Zake. Alikuja nazo."

"Na hakuna mtu alimzuia njiani?"

"Hakuna. Aliziita tu, zikamfuata."

"Mchana?"

Madam hakuwa amesema. "Mchana kweupe," nikajibu. "Watu wote wakiangalia."

Maji yakimwagika hayazoleki. Jumatatu wachumaji chai walikuwa wakiisimulia hadithi yangu kutoka mstari mmoja hadi mwingine, vikapu mgongoni. Jumatano ilinirudia ikiwa imeota ndevu: mwanamke wa bwawa alikuwa na shanga shingoni, nywele zake hazikauki, na mtu wa Namba Nne alikuwa amemsikia akiimba. Watoto tulikwenda kila siku baada ya shule kutafuta nyayo. Tuliona nyayo za ng'ombe kwenye tope tukapiga mayowe, tukakimbizana hadi tukaanguka juu ya chai, hata msimamizi akatufukuza kwa fimbo. Ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya lugha. Wakipsigis walisema aliwaita ng'ombe kwa Kikipsigis, la sivyo wangemwelewaje? Wakisii wakasema ng'ombe wazuri hivyo walitoka kwao. Sisi wa ziwani tulisema mtu wa majini ni wetu bila mjadala. Nilitembea katikati ya kelele zile kama mtu aliyewasha moto wa kijiti akaona kilima kizima kinang'aa. Namba Tisa ilikuwa na kisa!

Kisha siku ambayo Madam alitupangia kusimulia hadithi za kwetu ikafika, na msichana mmoja wa Kisii akasimama mbele ya darasa akamweleza Madam Bronwen, kwa uhakika kamili, habari za mwanamke wa bwawa la Boito. Madam alisikiliza, kalamu mkononi. Nyusi zake zilipanda, zikashuka. Alipoangaza macho darasani yalinikuta mimi, maana ni mimi peke yangu niliyekuwa nimeinamisha kichwa. "Na mkate?" akauliza. Msichana akasema hapana, siyo mkate, kijana alimpa mahindi ya kuchoma: ya kwanza yameungua, ya pili mabichi, ya tatu ndiyo yameiva. Madam akaanza kucheka, akacheka mpaka akafuta machozi kwa mkono wa sweta. "Vizuri sana," akasema. "Yetu haina mahindi." Akaandika yote kwenye daftari lake, wala hakunitaja.

Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Ilikuwa siku ya kupeleka majani, mchana, jua likiwaka kati ya mvua mbili. Tulikuwa tukitoka shuleni, tukapita kituo cha kununulia majani cha wakulima wadogo. Foleni ilikuwa ndefu. Mama Chebet alikuwa mbele ya mizani, mumewe pembeni yake. Karani akakataa nusu ya majani yao kwa kuwa ni makavu, na mume, mbele ya watu wote, akamgeukia mkewe akampiga kofi. Mlio wake niliusikia kutoka barabarani. Watu waliangalia vidole vyao vya miguu, kama siku zote.

Mama Chebet alishusha kikapu chake chini. Alikiweka taratibu, kana kwamba kina mayai. Akasema, si kwa sauti kubwa, "Hiyo ni ya tatu tangu mvua ianze." Kisha akaondoka. Nilielewa kabla ya mtu mwingine yeyote. Tulimfuata, watoto kumi na watano hivi, kwa mbali. Alifika kwake, akamfunga Chebet mdogo mgongoni, akafungua zizi, akasimama uani. "Chelel!" akaita. "Chetui! Samoei!" Yule mweupe akatoka kwanza, kisha mweusi, kisha ndama akirukaruka. Akatembea, nao wakamfuata. Akapita mbele ya kituo kilekile, na foleni ikafunguka. Wanawake wakaanza kunong'ona, mmoja akapiga kigelegele akajiziba mdomo, halafu mwingine akakipiga bila kujiziba. Mumewe alisimama na mfuko wa majani mikononi, hakusogea. Sisi tulizidi kumfuata, maana njia ile inapita bwawani. Ng'ombe waliteremka wakanywa. Tulishikana mikono. Nilitaka azame na niliogopa azame. Mama Chebet alinawa uso, akatugeukia, akatuona. "Rudini nyumbani," akasema, "mvua inakuja." Kisha akapanda kilima kuelekea barabara ya Kapkatet, kwa kaka zake, ng'ombe nyuma yake, mpaka chai ikawafunika.

Jumapili, baada ya kanisa, mume wake alikuja kwetu. Baba alisimama mlangoni. Nilijificha nyuma ya Mama nikiwa na hakika kwamba nimevunja nyumba ya watu kwa uongo. Lakini yule mwanamume hakuja kwa vita. Alikuwa amenyoa ndevu, na kofia ameishika kwa mikono yote miwili. "Wanasema ni mtoto wako alianza hiyo hadithi," akamwambia Baba. Kisha akaniinamia mimi. "Mtoto, huyo mwanamke wa bwawa. Alirudi kwa bwana yake?"

Ningeweza kumfariji. Nilikuwa tayari mwongo stadi. Lakini nilitazama ile kofia, nikashindwa.

"Hapana," nikasema. "Hakurudi."

Aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, akashukuru, akaenda. Baadaye alituma wazee Kapkatet mara mbili. Mara zote mbili walikaribishwa vizuri, wakanyweshwa mursik, yale maziwa ya kugandishwa kwenye kibuyu, wakarudi peke yao.

Leo mimi ni mwalimu wa sekondari Sotik. Chai huchumwa kwa mashine, na mahali palipokuwa na wanawake thelathini wakipiga soga kutoka mstari hadi mstari, sasa kuna watu watatu waliozibwa masikio kwa sababu ya ngurumo. Hadithi haiwezi kusafiri katika kelele hiyo. Wanafunzi wangu wana simu zinazowaonyesha Welisi na ziwa lake kwa dakika moja, na mwanamke aliyepigwa anaweza kwenda kwenye dawati la jinsia la polisi, angalau akipata nauli na ujasiri. Sisemi zamani ilikuwa bora. Watu walitazama vidole vyao.

Mwaka jana nilipata ujasiri wa kwenda Kapkatet. Mama Chebet ana mvi sasa, na ng'ombe kumi na mmoja, na Chebet mwenyewe ndiye anayepeleka maziwa sokoni. Nilimwambia ukweli: hadithi haikuwa ya Boito, niliileta mimi, na nimebeba jambo hilo miaka yote. Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyekuja kuungama kwamba ameiba sukari.

"Ningeondoka tu, Akinyi," akasema. "Nilikuwa nimeshaamua. Lakini ningetoroka usiku, mikono mitupu, kama mwizi. Ni wewe uliniambia mtu anaweza kwenda mchana, na ng'ombe zake, watu wakiangalia."

Nimefundisha miaka kumi na minne, kwa mitaala na vitabu vilivyoidhinishwa, bila kuongeza neno lisilokuwamo. Sina hakika kama kuna somo langu hata moja lililomfikisha mtu mbali hivyo. Nilimwomba anisimulie tena alivyopita mbele ya foleni, naye akasimama katikati ya sebule yake, akajifunga leso kiunoni, akaanza.