Vipimo vya Mkono wa Kerttu

Saa tano ya usiku ilipita na Kerttu alikuwa hajarudi. Jua la Juni lilikuwa bado limening'inia nyuma ya misonobari, halitaki kuzama, kama kawaida ya kiangazi cha kaskazini, na Maire Hyttinen alisimama kando ya pazia la jikoni akiitazama barabara. Mkutano wa kamati ya klabu ya shabaha ulianza saa kumi na mbili jioni. Watu saba, birika la kahawa, barua moja ya kusoma. Barua ya ukurasa mmoja husomwa kwa dakika mbili. Saa zote hizo nyingine walikuwa wanafanya nini?

Barua hiyo aliiandika yeye. Kerttu hakulijua hilo, au hakulijua alipotoka nyumbani.

Maire alikuwa mpishi katika shule ya kijiji cha Kuusijoki, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye mikono midogo hata glavu za jikoni ilibidi aagiziwe za saizi ya watoto. Kila siku kabla ya kufunga jiko alihesabu visu, kumi na vinne, akavihesabu tena, ndipo akavua aproni. Wenzake walimcheka. Hakuzaliwa hivyo. Alianza mwaka ule mumewe alipokwenda Sweden kwa kazi ya wiki mbili. Mume alifungasha viatu vya kiangazi na vya theluji pamoja, Maire akaviona kwenye begi, na hakuuliza. Wiki mbili zile hazijaisha hadi leo. Tangu hapo, kitu akikiona hakiachi kipite.

Mikono ile aliirithi Kerttu, binti yake wa pekee, mwenye miaka ishirini na mmoja. Kwa miaka miwili Kerttu alikuwa akilenga shabaha kwa bastola za klabu, chini ya jicho la mkufunzi Ensio Rautio. Ensio alikuwa seremala mstaafu anayekaribia sabini, mtu wa maneno machache hata kwa kipimo cha Kuusijoki. Akikubali, alitikisa kichwa. Akikataa, alisema "hapana" na kugeuka. Sababu alibaki nayo mwenyewe, na watu hawakumuuliza, kwa kuwa huko kuuliza sana ni sawa na kuingia nyumba ya mtu bila kubisha.

Sasa Kerttu alitaka bastola yake mwenyewe. Polisi hawatoi kibali mpaka mkufunzi aandike kwamba mtu huyu amefanya mazoezi muda wa kutosha na anaaminika, na kibali hutoka kwa aina moja ya bastola, si kwa yoyote utakayoipenda kesho. Na Ijumaa Kerttu alikuwa anahamia mji wa Oulu, kazi ya kiangazi hospitalini kwanza, kisha masomo. Klabu ya huko haimjui. Asipoondoka na saini ya Ensio, miaka miwili ingekuwa imemwagika, aanze kuhesabiwa upya.

Na Ensio hakusaini.

Maire aliona alama ya kwanza mwezi wa Machi. Ilikuwa ya buluu, chini ya gumba la binti yake.

"Hii nini?"

"Bastola ya klabu, mama. Mpini wake ni mnene. Kidole hakifiki kwenye kifyatulio mpaka niuzungushe mkono pembeni, basi risasi ikitoka inapiga teke na kunipata kwenye gumba."

"Na huyo mzee anaona?"

"Anaona."

"Anasemaje?"

"Hasemi kitu."

Walikwenda wote wawili kwenye duka la silaha mjini. Muuzaji, kijana mwenye ndevu zilizochanwa vizuri, aliutazama mkono wa Kerttu akatabasamu. "Mkono mdogo, bastola ndogo," alisema, akaweka mbele yao kidude cha kuenea mfukoni mwa koti. Kerttu akakikamata. Kidole kikafika. Uso ukamng'aa.

"Hii inakukaa, mwanangu," Maire alisema, na yeye hakuwa mwepesi wa kusifu.

Jioni ile Ensio alionyeshwa picha ya bastola hiyo. "Hapana," akasema, akageuka.

Mwezi wa Aprili ikaja nyingine, ya risasi kubwa, nzuri, yenye mpini mwembamba. Hapana. Mwezi wa Mei, nyingine tena. Hapana. Kila bastola ambayo mtoto aliipenda, mzee aliikataa, na kila alipokataa Maire aliweka akiba moyoni.

Kisha akafua nguo. Katika mfuko wa koti la Kerttu alikuta karatasi imekunjwa mara nne. Ndani umechorwa mkono kwa penseli, kidole kwa kidole, umezungushiwa taratibu, na pembeni namba kwa mwandiko wa mwanamume. Maire aliketi na ile karatasi nusu saa, mashine ikizunguka tupu.

"Ni vipimo tu, mama," Kerttu alisema, akaichukua. "Mbona unapekua mifuko yangu?"

"Nafua. Mfuko haufuliwi na kitu ndani."

Kilichommaliza ni mlango. Wiki ya kwanza ya Juni alipitia klabuni kwa baiskeli ili warudi pamoja. Gari la Ensio lilikuwepo, baiskeli ya Kerttu ilikuwepo, uwanjani hapakuwa na mtu. Alishika kitasa cha karakana ya klabu. Kimefungwa kwa ufunguo, kutoka ndani. Akatega sikio. Hapakuwa na maneno, ila sauti ya kitu kikikwaruza, kikinyamaza, kikikwaruza tena. Dakika kumi alisimama pale, mkono umekauka kwenye kitasa, hathubutu kubisha wala kuondoka. Mlango ulipofunguka, Kerttu alitoka na vumbi jeupe mikononi, na Ensio akampita Maire kwa kutikisa kichwa, kama anayeupita mti.

"Kwa nini mnajifungia?"

"Ndio utaratibu, mama."

"Utaratibu wa nani?"

Kerttu akapanda baiskeli.

Kesho yake jikoni, huku wakimenya viazi, Maire alimweleza Tyyne, mwenzake wa miaka mingi. Tyyne hakuwa na ubaya, ila kisu chake kilimenya taratibu kila aliposikia jambo la watu.

"Shoga, kimya kingi kina mshindo."

"Ndicho ninachosema."

"Mimi nimesikia kitu. Nimesikia huyo mzee anayo bastola yake anataka kuiuza. Mikono inamtetemeka siku hizi, halengi tena."

Maire akasimamisha kisu. "Basi ndiyo maana anazikataa zote! Anambana mtoto mpaka siku ya mwisho, halafu amwambie, saini hii hapa, na bastola ndiyo hii."

"Sikusema mimi," Tyyne alisema, akichukua kiazi kingine. "Umesema wewe."

Jumanne Maire akaandika. Aliandika kwamba Ensio Rautio anamzuilia binti yake saini kwa makusudi, ili amuuzie bastola yake mwenyewe. Aliandika kwamba anajifungia naye karakanani, na kwamba yeye mwenyewe alisimama nje dakika kumi. Akaweka jina lake chini, maana barua isiyo na jina ni ya mwoga, akaipeleka kwa mwenyekiti kwa mkono. Jumatano haikupita kabla kamati haijaitwa ikutane kesho yake, Alhamisi jioni.

Saa sita kasoro baiskeli ililia kwenye changarawe. Maire alirudi haraka mezani, akakaa kama mtu aliyekuwa amekaa siku zote. Kerttu akaingia hadi jikoni na viatu miguuni. Tangu alipojifunza kutembea, mtoto yule hakuwahi kuvuka kizingiti na viatu. Maire aliviangalia viatu, akajua jina lake limesomwa.

"Uliandika wewe," Kerttu alisema.

"Niliandika mimi. Wamesemaje?"

"Unataka kujua walivyosema? Mwenyekiti alimuuliza, Ensio, ni kweli unamkatalia kila bastola? Akasema ndiyo. Ni kweli unajifungia naye? Ndiyo. Ni kweli una bastola yako unayotaka aichukue? Ndiyo. Mama, akanyamaza! Ndiyo tatu, basi. Watu wakaanza kutazama vikombe vyao."

"Si umeona? Mwenyewe kakiri."

"Ngoja!" Kerttu alipiga meza kwa kiganja, na sauti yake ikapasuka. "Unajua kwa nini mlango hufungwa? Kabati la silaha limo humo karakanani, na likiwa wazi, mlango wa nje lazima ufungwe. Kila mtu klabuni anajua. Hata mwenyekiti mwenyewe angekuwa ndani, mlango ungefungwa. Ukibisha, unafunguliwa. Mbona hukubisha?"

Maire aliokota kijiko mezani, akakirudisha palepale.

"Na ile ndogo ya dukani tuliyoipenda, mimi na wewe. Kuna mtu klabuni anayo kama ile. Akaniazima nipige risasi kumi. Ya nne tu nilikuwa nafumba macho kabla ya kufyatua. Nyepesi, mtutu mfupi, teke lote linaishia kiganjani. Mkono mdogo hauhitaji bastola ndogo, mama. Unahitaji nzito kidogo, ya risasi ndogo, yenye mpini unaokaa. Ensio alijua kwa kutazama picha."

"Kwa nini hakusema?"

"Kwa nini nawe hukuniambia kwamba ulikaa nje dakika kumi? Nimelisikia leo, mbele ya watu saba."

Friji ikanguruma, ikatulia.

"Bastola ya Ensio ni ya risasi ndogo," Kerttu aliendelea, polepole sasa. "Mpini ni wa mbao, unachomolewa. Aliuchonga kwa mkono wake miaka ile, na mkono wake ni mkubwa kama koleo. Kwa hiyo anachonga mwingine wa kwangu. Ndiyo maana alinichora. Anapaka puti, lile rojo jeupe la kuzibia mbao, nashika mpaka ikauke, anapiga tupa, nashika tena. Alisema hataniambia niichukue mpaka mkono wenyewe ukubali, kwa sababu akisema kabla, nitakubali kwa haya. Ni maneno marefu kuliko yote niliyowahi kumsikia."

"Na saini?"

Kerttu akatoa bahasha, akaiweka mezani. "Alisaini Jumatatu, ila nimepewa leo. Iko hapo, na tarehe. Barua yako ni ya Jumanne."

Maire hakuigusa bahasha.

"Nilisimama nikawaeleza yote, wakaelewa, wakamwomba radhi. Naye akatoa funguo za klabu mfukoni, miaka ishirini na sita alizishika, akaziweka kando ya birika. Akasema, mtu akishawekewa jicho la shaka, hana mkono tena wa kufundishia. Akatoka. Ndicho tulichokuwa tunafanya mpaka sasa hivi, mama. Tulikuwa tunamgongea mlango kwake. Hakufungua."

Asubuhi Kerttu alipanda gari moshi la saa tatu. "Usinisindikize," alisema, na Maire akabaki mlangoni akimhesabia hatua hadi kona. Aliporudi jikoni aliikuta ile karatasi ya penseli juu ya meza, imefunguliwa. Ama ilisahauliwa, ama iliachwa. Hilo pia hakuwa na wa kumuuliza.

Alioka mkate mtamu wa iliki, akaufunga kwa kitambaa ukiwa bado wa moto, akaenda.

Nyumba ya Ensio ilikuwa ya mbao nyekundu mwisho wa barabara ya kinu. Ndani kulikuwa na mkwaruzo wa tupa. Mara hii alibisha. Tupa ikanyamaza.

"Nani?"

"Mimi. Mama Kerttu."

Pazia la dirisha la kando likacheza, likatulia.

"Kerttu ameondoka," Ensio alisema nyuma ya mlango.

"Najua. Nimeleta mkate."

"Mkate ninao."

"Mzee Ensio, nilikosa kubisha. Siku ile. Ningebisha tu, yasingekuwa haya."

Tupa ikaanza tena. Maire aliuweka mkate kizingitini. Aliwaza kuondoka, na miguu ikakataa. Alitoa ile karatasi kwenye koti, akailaza juu ya ubao wa mlango, akaweka kiganja chake juu ya mchoro. Kidole juu ya kidole. Mstari wa penseli ukapotea wote chini ya mkono wake, ila kwenye kidole kidogo, ambapo ulibaki unaonekana kwa unene wa uzi.

"Umebakiza nini?" aliuliza.

Tupa ikazidi kukwaruza.

"Nauliza mpini umebakiza nini. Maana mwenye mkono yuko njiani kwenda Oulu, nawe unachonga kwa kukumbuka. Mkono wangu na wake ni mmoja. Nimeulaza hapa juu ya vipimo vyako, umeenea."

Tupa ikanyamaza. Ndege mmoja aliita msituni, akaacha. Maire alisimama akijua anatazamwa kutoka mahali fulani, kwa jicho lilelile alilokuwa akiwatazamia wenzake miaka yote, na akaona jinsi linavyochoma.

Ufunguo ukazunguka. Mlango ukafunguka upana wa kiganja, ukakamatwa na mnyororo. Kwenye ufa kulikuwa na jicho moja na shavu lenye vumbi la mbao. Kisha ukasukumwa nje mpini mtupu, bila bastola yake, nusu mti mwekundu, nusu puti.

"Shika," Ensio alisema. "Usibane. Kama unamshika kifaranga."

Maire alikuwa hajawahi kushika kitu cha namna hiyo maishani. Akakishika. Mbao ilikuwa ya joto.

"Gumba?"

"Linakaa."

"Usiseme linakaa ili kunifurahisha."

Maire akanyamaza, akausikiliza mkono wake. "Linagusa hapa. Chini ya kifundo. Kidogo."

Mkono mkubwa unaotetemeka ukatoka kwenye ufa, ukauchukua mpini, ukaweka alama ya penseli pale aliposema. Ensio alimtazama, akautazama mkate kizingitini, akamtazama tena kama anayehesabu visu. Kisha akarudi ndani kwenye meza yake, na tupa ikaanza kukwaruza.

Mnyororo hakuutoa. Lakini mlango hakuufunga.