Upande Uliolalia Meza

Nakumbuka alasiri moja ya mvua, mwanangu, mwanzoni mwa miaka ya sabini, karibu na Kebirigo, tukijiandaa kwa mtihani wa darasa la saba. Baba alikuwa ameshasema: nikianguka, hakuna kurudia darasa, nikachume majani chai.

Mwalimu Moraa, mama mfupi aliyelitawala darasa bila kupaza sauti, aliweka mezani vipande viwili vya mbao. Kimoja mchemraba, inchi nne kila upande. Cha pili bapa: urefu inchi nane, upana nne, kimo mbili.

"Kipi kina eneo kubwa la nje?"

Nikapata themanini na themanini. Mimi huhesabu kila kitu mara mbili, hata chenji ya muumini mwenzangu, basi nikarudia. Themanini na themanini.

"Vinalingana, Mwalimu."

"Umeacha upande wa chini."

"Mwalimu, mama akikandika nyumba, nani huiinua ili apake chini?"

Darasa likapasuka kwa kicheko. "Fundi wa matope!" Nami, mtoto wa soko, nikaanza kupatana: "Basi nipe nusu alama."

Walimu wengi wa siku hizo wangenijibu kwa fimbo. Yeye alitafakari, kana kwamba nimesema neno la maana.

"Sababu yako ni nzuri kuliko jibu lako. Nyumba haigeuki. Hii hugeuka." Akakisimamisha kile kipande bapa kwa ubavu wake mrefu. "Hesabu tena vilevile, chini uache."

Tisini na sita.

"Mbao imekua?"

"La, Mwalimu."

Nikaona haya, nikajumlisha pande zote sita: mchemraba tisini na sita, bapa mia moja na kumi na mbili. Nyumba njema si mlango, mwanangu. Swali kama lile lilikuja kwenye mtihani, nikaitwa sekondari.

Nimekutana na wasomi wengi tangu hapo. Aliyeweza kukosoa bila kudharau ni yule mama.

Basi shika hili: kuhesabu mara mbili kwa njia ileile ni kukosea mara mbili. Ukirudia, geuza kitu kwanza. Na mtoto akikosea mbele yako, muulize sababu kabla hujamcheka. Mungu akupe akili isiyoona haya kugeuzwa, na walimu wenye subira ya kukugeuza.