Chungu cha Maua Pacha

Bibi niliyemtunza mtaani Al Rayyan alikuja Doha na masanduku mawili na chungu kimoja cha maua. Kwao ni kaskazini kabisa, kwenye misitu ya misonobari. Macho yalikuwa yamemwisha na kule hakubaki mtu wake, ndipo mwanawe, mhandisi, akamleta aishi naye.

Chunguni mlikuwa na mmea mdogo unaotambaa, majani yake hayazidi ukucha wa kidole cha mwisho. Haupukutishi majani hata chini ya theluji, aliniambia. Msimu wake ukifika huinua vijiti vyembamba, na kila kijiti huning'iniza maua mawili ya rangi ya waridi. Jina lake lilinishinda, nikauita pacha. Bibi alisema harufu yake angeijua hata bila macho. Kila asubuhi aliuliza swali lile lile.

"Binti, yametoka?"

"Bado, mama."

Alitaka kuyanusa mara moja tu kabla hajafa. Hakuwa na ombi lingine, na mimi ndiye niliyekabidhiwa.

Nami ni mtu wa Kinangop, baridi naijua. Tulikiweka chungu chini ya kiyoyozi, nikakimwagilia maji ya friji peke yake. Doha wakati wa joto, tangi huchemka juu ya paa na bomba la maji baridi hukuunguza. Hilo kila mtu analijua. Mimi mwenyewe nilikinga maji ya kuoga alfajiri, nikayaacha yapoe.

Mwezi wa saba vijiti viwili viliinuka. Siku hiyo hiyo mhandisi akaniambia likizo yangu, niliyoingoja miaka miwili, imesogezwa hadi mwaka mwingine, kwa kuwa mama yake hawezi kuzoea mtu mpya. Nikasema sawa, bosi. Nikaingia jikoni. Bibi akaita toka chumbani, "Binti, usisahau maua!"

Nilichukua jagi, nikafungua bomba. Nilisikia joto likipenya hadi kwenye kishikio. Nikaenda nikamimina yote. Hasira hasara, tunafundishwa tungali wadogo, na mimi nilikuwa na miaka thelathini na minne.

Kufikia jioni vijiti vilikuwa vimelala. Majani, lakini, yalibaki kijani. Wiki ya kwanza, wiki ya tatu. Bibi aliyapapasa kwa vidole, akatabasamu. Dereva wa nyumba, Mkenya mwenzangu, aliinama akakwaruza shina kwa kucha.

"Dada, hii ilikufa kitambo. Ni vile tu majani bado hayajaambiwa."

Nilicheka naye, kisha nikaingia bafuni nikalia. Niliendelea kumwagilia maji ya friji kila siku. Niliendelea kujibu, "Bado, mama." Niliona aibu, na aibu haikunifanya niseme kweli.

Mwezi wa tisa mapafu ya bibi yalijaa maji. Gari la wagonjwa likiwa mlangoni, aliomba chungu, akakikumbatia, kisha akanisukumia mikononi.

"Hapa joto limeuchelewesha," akasema. "Chukua, binti. Kaupande kwenu, kwenye baridi. Ukichanua, unuse kwa ajili yangu."

"Ahsante, mama," nikasema.

Hakurudi kutoka hospitalini. Nilipokiinua chungu kukipeleka chumbani kwangu, majani yalianza kudondoka sakafuni, moja moja, yote yakiwa bado kijani.