Disiki Iko Ndani

Mama wa Wamaza, tuliyemwita hivyo kwa jina la kijiji chake, alikuwa akinisalimu kwa neno moja. Hakuuliza habari ya nyumbani wala ya mvua. Alisimama mbele ya kibanda changu, akashusha kapu lake la mihogo, akaitazama kwanza kompyuta, kisha mimi, ndipo akauliza, "Iko?"

Nami nilijibu, "Iko, mama."

Basi, tulikuwa tumemaliza. Mimi si mtu wa maneno. Mtu nisiyemzoea akiniuliza kitu, jibu linapanda mpaka kooni na kubaki hapo. Shule nilisoma ya msingi tu, na hata haya nayaandika polepole, neno moja nalikalia muda mrefu kabla sijaliamini. Lakini hilo la "iko" niliweza. Lilikuwa fupi, na mwanzoni lilikuwa kweli.

Alichokuwa akiulizia ni disiki ya harusi ya binti yake. Ilikuwa imekwama ndani ya kompyuta yangu.

Kibanda changu kiko Kabambare, karibu na soko, na kazi yangu ni kuwawekea watu nyimbo na filamu kwenye simu. Paneli ya jua iko juu ya bati, kompyuta iko mezani, na mteja hukaa kwenye benchi akisubiri. Sisi wote tunaiita mashini. Nyimbo zinakaa ndani yake, mahali tunapopaita tumboni. "Tumbo limejaa," nawaambia wateja, nikifuta filamu za zamani ili mpya ziingie. Upande wa kulia kuna droo nyembamba ya kutilia disiki. Hakuna aliyenifundisha kazi hii. Niligusa hapa na pale mpaka nikajua.

Mashini alininunulia kaka yangu mkubwa, anayechimba dhahabu Salamabila. Aliinunua Kasongo, mpya, bado imo kwenye katoni, na alipoileta kwa pikipiki hakunionyesha mashini kwanza. Alinionyesha karatasi.

"Unaona hii? Garanti. Mwaka muzima. Ikiharibika, kampuni yenyewe itatengeneza bure."

"Na kampuni iko wapi?"

"Kinshasa, mudogo yangu. Wewe unafikiri kampuni inakaaka Wamaza?"

Akaigeuza mashini akanionyesha kipande cha karatasi ya rangi ya fedha kilichobandikwa juu ya skrubu moja. Hicho kisiguswe. Kikichanika, garanti imekufa. Nilikitazama kwa heshima. Kwetu mtu akikuuzia baiskeli na kukuhakikishia kwamba itatembea, unaijua nyumba yake. Ikigoma unamfuata uani kwake na mnaitazama pamoja. Nilidhani garanti ni kitu cha namna hiyo, ila nyumba iko mbali.

Droo ndiyo iliyoanza kuugua. Kwanza ilikataa kufunga, nikawa naisukuma kwa kidole gumba. Kisha ikakataa kufungua, nikawa naipiga ubavuni kwa kiganja, na wateja wakacheka: "Mupige vizuri, ni mukaidi!" Kisha ikapona yenyewe, nami nikasahau. Ilikuwa katika siku hizo za kupona mama wa Wamaza alipokuja mara ya kwanza.

Alikuwa amebeba disiki kwenye kitambaa, na kitambaa kwenye mfuko, na mfuko kifuani. Nyuma yake alisimama mtoto wa kike, ameshika kitenge cha bibi yake. Mama yule alinieleza bila haraka, kama mtu aliyekwisha kulieleza jambo hilo kwa wengi. Binti yake aliolewa Kasongo. Alimzaa huyu mtoto, kisha homa ikamchukua yeye, mtoto akiwa bado ananyonya. Picha iko moja, ya kadi ya uchaguzi, amekunja uso. Kutembea kwake, kucheka kwake na sauti yake viko kwenye disiki hii peke yake. Jirani aliyekuwa na mashini ya kuchezesha disiki, yake imekufa. Aliyepiga video amehama, hakuna anayejua alikokwenda.

"Nataka uitie kwenye simu hii," akasema, akinipa simu ya mkwe wake. "Mutoto amuone mama yake akitembea. Mpaka leo anafikiri mama yake ni ile picha."

Nilipokea disiki kwa mikono miwili. Nikaiweka, droo ikafunga vizuri. Mashini ikaanza kuguguna. Ikanyamaza. Ikaguguna tena, kwa sauti ya mtu anayetafuna mchanga, kisha ikanyamaza kabisa. Nikabonyeza droo, haikutoka. Nikaipiga ubavuni. Mtoto akanitazama.

Kuna kitundu kidogo pembeni ya droo. Mwenye duka wa Kasongo alimwonyesha kaka kwamba ukiingiza sindano, inatoka. Niliingiza sindano ya kushonea. Droo ikatoka kiasi cha ukucha, ikagoma. Kwenye upenyo huo niliona ukingo wa disiki uking'aa.

"Iko?" mama akauliza.

"Iko, mama. Iko ndani."

Hiyo ndiyo mara ya kwanza.

Njia fupi ilikuwa bisibisi. Hata yeye aliiona. "Si ufungue?" Nikamwonyesha karatasi ya rangi ya fedha, nikashindwa kuieleza. Nikampigia kaka. Alipiga kelele mpaka mama akasikia: "Usiguse! Wewe, usiguse ile karatasi! Kitu yenye garanti haifunguliwe na mutu wa kijijini. Pigia kampuni!"

"Piga wewe, kaka."

"Mashini ni ya nani?"

Nilipanda kilima nyuma ya shule, mahali mtandao unaposhika vizuri, nikapiga namba iliyo kwenye karatasi. Sauti ya mwanamke ilisema Kifaransa kwa haraka, ikitaja namba za kubonyeza. Nilibonyeza moja, kwa sababu ndiyo niliyoisikia vizuri. Ukaja muziki. Muziki ukala uniti zangu zote za simu. Siku nyingine nilipanda tena, nikabonyeza mbili, muziki ukawa uleule. Mwishowe mtu halisi aliitika, nikamwambia "Kiswahili", naye akanipa kijana mwingine ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha Lubumbashi.

"Sema, kaka. Mashini iko na nini?"

Nilikuwa nimejipangia maneno njiani. Yote yakaondoka.

"Disiki," nikasema.

"Disiki imefanya nini?"

"Imegoma."

"Haisome?"

"Haisome."

"Ni disque dur?"

Neno "dur" nalijua. Tulilisoma shuleni: maana yake ngumu. Nikaikumbuka droo ile, sindano, kiganja changu kilivyouma. Nikafurahi kwamba mtu wa Kinshasa ameelewa upesi hivyo.

"Ndiyo," nikasema. "Dur. Dur sana."

Akacheka. Nami nikacheka. Akaniambia niipeleke kwa mwenye duka Kasongo, naye ataituma. Akauliza kama kuna jambo jingine. Lilikuwapo. Nilitaka kusema kwamba ndani kuna harusi ya mtu aliyekufa. Lakini mtu unaanzaje? Nikasema hakuna.

Mama wa Wamaza nilimwambia siku ya soko. Akasema, "Unamutuma binti yangu Kinshasa? Yeye hakufikaka hata Kindu."

Nikaandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi: DISIKI YA MAMA IKO NDANI. MUSITUPE. Nikaibandika juu ya mfuniko wa mashini kwa utepe. Kisha dereva wa pikipiki akaifunga katoni nyuma yake na kuondoka nayo kwenda Kasongo, na huko ingepanda lori mpaka Kindu, halafu ndege.

Meza yangu ikabaki tupu. Niliendelea kuchaji simu za watu ili nisifunge kibanda, na mdomo wa soko haukuniacha. "Mashini yako imemeza disiki, itaitema lini?" Mwingine akasema, "Imekwenda Kinshasa kutibiwa tumbo!" Hawakujua disiki ilikuwa ya nani, nami sikuwaambia. Mama wa Wamaza alipokuja, aliitazama meza tupu, kisha mimi.

"Iko?"

"Iko, mama." Sikujua. "Iko Kinshasa."

Alikuja tena mahindi yakiwa machanga, akaja yakiwa makavu. Kila mara nilipanda kilima. Muziki. Mara moja waliniambia iko katika foleni. Mara nyingine waliniambia haijafika, na kabla sijamaliza kushtuka wakasema imeshaondoka. Sikuwa na mtu wa kumkasirikia. Sauti ilikuwa tofauti kila siku, na zote zilikuwa na adabu.

Ilirudi siku ya mvua. Karatasi yangu ilikuwa bado imebandikwa palepale, utepe wangu, pembe zangu nilizozibana. Hakuna aliyeiinua. Nikaiinamisha mashini upande, na ndani, kule kwenye droo, kitu kikagonga: ka, ka.

Nikaiwasha. Tumbo lilikuwa tupu. Nyimbo zote na filamu zote, kazi yangu ya tangu nilipoanza, hakikubaki kitu. Kwenye katoni kulikuwa na karatasi ya Kifaransa. Niliisoma kwa kidole, nikirudia. Ilisema disque dur imebadilishwa, mpya imewekwa. Ndipo nilipoelewa kwamba disque dur ni jina la tumbo, na kwamba nilikuwa nimejibu ndiyo. Droo niliibonyeza. Haikutoka.

Mama alipokuja hakuuliza. Aliiona mashini mezani akasimama tu. Nikaiinua, nikaisogeza karibu na sikio lake, nikaitikisa kidogo.

Ka, ka.

"Iko!" akasema yeye mwenyewe, akacheka, akapiga makofi. Sijawahi kumwona akicheka kabla ya hapo. Nami sikumwambia habari ya tumbo.

Nilipanda kilima. Nilieleza mara hii, kwa jasho, kwamba si dur, ni droo, ni disiki inayoingia na kutoka.

"Lecteur? Ile ya kusoma disiki?" kijana akauliza.

"Ndiyo, ile."

Nikasikia vidole vyake vikibonyeza. "Garanti ya mashini imeisha, kaka. Mwaka umepita."

"Ilikuwa kwenu."

"Ndiyo, ninaona. Lakini sistemu inaonyesha imeisha. Uko na garanti ya disque dur tu. Hiyo ni mpya. Tumebandika karatasi mpya chini, usiichane."

Jioni hiyohiyo simu ikalia, namba ya Kinshasa. Nikaitika, nikatoka mbio mpaka mahali pa mtandao mzuri, nikidhani wamebadili mawazo. Ilikuwa sauti ya mwanamke, ile ya mwanzo, ikiuliza kwa Kifaransa kama nimeridhika na huduma. Moja kama hapana, tano kama sana. Nilisimama na kidole juu ya namba. Sikujua moja yangu itamfikia nani. Ikajikata yenyewe.

"Fungua," mama wa Wamaza alisema siku ya soko iliyofuata. Alikuja na mtoto.

Kaka, kwenye simu, alikataa mpaka mwisho. "Garanti ya tumbo bado iko! Utaiua?"

Mama akaomba simu. "Baba," akamwambia, "garanti yenu imeniletea nini?" Akanirudishia. Kaka akasema, polepole, "Basi, mwambie nampa pole," akakata.

Karatasi ya rangi ya fedha ilitoka kwa kucha, kama gamba la kidonda. Nikafungua skrubu moja moja, nikaziweka kwenye kifuniko cha chupa, mtoto akakishika, kisha akanirudishia. Droo ilitoka na kipande cha plastiki kilichovunjika. Disiki ilikuwa nzima. Mama akaipokea, akaigeuza. Upande wa chini ulikuwa na mkwaruzo wa duara, kama mtu ameuchora. Sijui kama ni meno ya mashini, au sindano yangu, au ile safari yote ya kwenda na kurudi ikigonga.

Mashini yangu haikuwa na pa kuisomea tena. Tukaenda kwenye chumba cha video nyuma ya soko, wanakoonyesha mpira. Mwenyewe alikuwa na mashini kuukuu ya disiki, akawafukuza vijana waliokuwa wakicheza karata, akaiweka.

Ikaguguna. Kisha, kwenye televisheni, barabara. Pikipiki zinakuja zimefungwa majani, wanawake wanaimba, mama wa Wamaza mwenyewe, mnene kuliko sasa, anacheza mbele na kitambaa. Pikipiki ya bibi harusi ikasimama. Mwavuli. Kiatu cheupe kikashuka, kikakanyaga chini. Picha ikavunjika vipande vya mraba, kijani na kijivu, ikagoma.

Mwenye chumba akaitoa, akaipangusa kwa shati, akairudisha. Barabara, pikipiki, mwavuli, kiatu. Vipande. Akajaribu kuiruka sehemu hiyo, ikaandika neno la Kiingereza na kuzimika. Akaanza upya. Aliendelea kujaribu bila kuombwa, mpaka nikatamani aache.

Mtoto alikuwa amesogea, pua karibu na kioo.

"Mama iko wapi, bibi?"

Mama wa Wamaza hakunitazama. Alichuchumaa kando ya mjukuu wake, akanyoosha kidole kwenye vile vipande vya kijani, mahali ambapo mwili ungekuwa, juu ya kiatu.

"Iko pale," akasema.

Mtoto akaweka kiganja juu ya kioo. Mimi nilikuwa mlangoni, kifuniko cha skrubu bado mkononi mwangu.