Placard ya juu yenye mama yangu alikatala kugusa

Bakubwa wa uku, jambo yenu bote.

Hii habari sikuambiwa na muntu. Ilipita mu nyumba yangu, ku quartier Hewa Bora, na mwenye kuwa na mashaka akuye aone matobo mu ukuta ya cuisine, jiko ya ndani. Ingali pale.

Mbele ya yote, munijue. Mimi niko muntu ya ndani. Nilimaliza humanités, masomo ya sekondari, nikaikala. Ninatengenezaka matelefone mu salon, pembeni ya dirisha, juu hii kazi hainiombi kuvaa viatu.

Sasa, mama.

Kisha papa kufariki, mama alitoka mu mugini, ku Lukafu, akakuya kwangu. Nilimulomba asirudie, aikale na mimi mutoto yake. Aliweka mufuko yake nyuma ya mulango. Kila asubuhi anafungua kamba, anatosha kikwembe moja ya kuvaa, anafunga tena kamba.

Bakubwa, ule mufuko ulikuwa unaniangalia. Muntu mwenye anafungaka mufuko kila asubuhi, eko bado mu safari.

Njo nikaanza kulota. Mu telefone nilikuwa ninaangalia picha za cuisine, mwangaza inaingia polepole kama maziwa mu chai, placard, kabati ya ukuta, inapanda mupaka juu ku plafond. Na katikati, mama. Mu ile ndoto hakuwa anafanya kitu. Alikuwa amesimama tu mu mwangaza, anacheka, kama mama ya ku kalendrier.

Nikamuita Kalala, fundi ya mbao ya ku Ruashi, mwenye ananijuaka. Muntu ya kusema sana. Aliingia, akaangalia ukuta, akauliza: "Patron, tunaweka urefu gani?"

Nikasimama, nikanyosha mukono yangu juu. "Hapa."

"Eh! Njo mara ya kwanza ninakuona wima."

Tulicheka, akapiga alama. Mama alikuwa inje ku barza, anasonga bukari, ugali yetu. Hakuna mwenye alimuuliza kitu. Hata Kalala, na midomo yake yote.

Zile siku zilikuwa tamu. Mbao ilikuwa ya mulombwa, nyekundu kama udongo ya kwetu. Vumbi yake ilikuwa inaelea mu jua ya dirisha, polepole, na harufu yake ilikuwa inaniingia mupaka mu usingizi. Nilikuwa ninalala na telefone ya batu mu mukono, ninaamuka, vumbi ingali inaelea. Nikajisemea: mama akiona hii, atafungua mufuko.

Kazi ikaisha. Nikamuita.

Alikuya na bunga ku vidole. Akaangalia juu. Akaangalia juu zaidi.

"Iko muzuri. Iko ya nani?"

"Iko yako, mama."

"Mutoto wangu, mimi ninapikaka wa kuikala."

Akarudi ku barza, ku kiti yake kidogo, ku mbabula yake, makala ya moto ingali inawaka.

Munacheka? Munajua vile iko ku kwetu. Cuisine ya ndani ni ya glasi za bageni na frigo yenye inangojea courant ya umeme. Chakula inapikwaka inje, muntu anaikala chini, chungu kati ya magoti. Nimekulia ku ile moshi, ninakula ile bukari kila siku. Lakini nilipima cuisine na mukono ya muntu mwenye hapikake.

Placard ikabaki bule. Upepo ikipita, milango inajifungua yenyewe, inajifunga, kama batu banaongea mambo yangu.

Kisha mama akasema, bila kuniangalia: "Ku Lukafu mvua imeanza. Nitaenda kuona shamba."

Nikavaa viatu, nikatoka inje.

Batu ya avenue balitoka kuangalia. Jirani mama Odette akapiga kelele: "Bwana asifiwe, kuko nani amekufa?"

Nikamuleta Kalala. Ile siku hatukuangalia ukuta. Kalala akapiga magoti mbele ya mama.

"Mama, ikala vile unaikalaka. Nyosha mukono."

"Mukono ya kufika wapi?"

"Kwenye unatakaka chumvi ikuwe."

Mama akacheka, akanyosha. Tukashusha placard moja, Kalala akaikata, akaiweka miguu mifupi, akaisimamisha ku barza, upande ya mukono yake, mbali kidogo na moto.

"Patron," akaniambia akienda, "placard imetoka inje. Nawe utafwata."

Mama akarudia ku chungu yake. Nilingojea, ninahesabu pumzi mu fauteuil, kiti yangu ya salon.

Asubuhi moja nikaona mulango ya ile placard imefungwa na kamba, juu ya kuku basiingie. Ile kamba ninaijua. Nikaenda nyuma ya mulango: hakuna mufuko.

"Mama, mufuko iko wapi?"

"Nimeweka makala ndani."

"Na kamba? Utaifunga na nini?"

Akapepea moto. "Kuifunga juu ya kwenda wapi?"

Basi bakubwa, nimejifunza hii: mbele ya kupima ukuta, pima muntu, na umupime vile anaikalaka, hapana vile unamulotaka.

Placard zenye zilibaki juu, nimeweka matelefone ya kufa. Ziko muzuri sana kuziangalia kutoka mu fauteuil.

Ninyi je, cuisine yenu ya ndani inapikaka, ao inangojeaka bageni tu? Andikeni apa chini. Kunicheka muko na ruhusa, lakini moja moja.