Giaboksi Iliyopimwa Mlimani

Sisi watu wa Mlalo tuna namna yetu ya kulipima gari lililotoka kwa fundi: tunalipandisha mlima. Tunalipakia magunia ya kabichi na watu wanne wazito, tunalielekeza Magamba, na likifika juu bila kuchemsha fundi anapewa mkono wa asante. Sijawahi kumsikia mtu akiuliza kama linakwenda vizuri kwenye tambarare. Tambarare iko wapi huku kwetu? Hata uwanja wa mpira wa shule yetu ya msingi una goli la juu na goli la chini.

Hivyo ndivyo nilivyoipima giaboksi ya mama. Naiita ya mama kwa sababu niliifungisha kwa ajili yake. Gari langu ni la otomatiki, na giaboksi yake ya kwanza ilipokufa nililiacha chini ya migomba, kuku wakalilalia. Kabichi zangu zilikwenda sokoni Lushoto kwa gari la jirani, na sikuona haraka. Kisha mama akaugua.

Alikuwa Tanga kwa dada yangu mkubwa, karibu na hospitali. Madaktari walitueleza wazi kwamba dawa zimefika mwisho, sasa ni kumtunza tu. Mama alipoelezwa aliomba jambo moja: arudi kufia nyumbani kwake Mlalo, kwenye kitanda chake, mahali anaposikia kengele ya kanisa.

“Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini,” aliniambia kwenye simu, akacheka kidogo. “Hilo gari lako limepona, baba?”

Kwenye basi asingeweza kukaa. Dada alitaka kukodi gari kule kule Tanga amlete. Mimi nikakataa. Nilisema mama atapandishwa na mwanawe, atalala kiti cha nyuma kwenye godoro, na hakuna dereva wa kukodi atakayemrusha kwenye kona za Soni. Nilisema kwa sauti ya mwanaume mwenye gari. Nikiikumbuka sauti ile leo natamani ningejizaba kibao.

Mimi na fundi wangu tulipata kipaimara kanisani siku moja, na sijawahi kumpelekea gari mtu mwingine. Aliagiza giaboksi ya mtumba kutoka Dar, akaifunga kwa siku mbili. Alhamisi tukaenda kuipima. Tulipanda Magamba na magunia yetu, gia ya kwanza, ya pili, laini kabisa. Tuliporudi tukishuka tuliweka mkono wa gia kwenye mbili, kama tulivyofundishwa wote ili kutunza breki. “Imepona hii,” akasema. Nikampa mkono. Hakuna kati yetu aliyegundua kwamba tangu tutoke nyumbani hatukuwa tumeihitaji gia ya tatu hata mara moja.

Jumamosi niliondoka alfajiri. Nilikuwa nimetandika godoro na mito miwili, na blanketi lake la bluu. Nilipita Lushoto, nikashuka kona za Soni kwa gia ndogo, nikafika Mombo, tambarare chini ya mlima, nikiwa na furaha. Nikaingia barabara kuu, nikakanyaga mafuta.

Injini ikapiga kelele. Nikangoja ibadilishe gia, haikubadilisha. Niliachia mafuta, nikakanyaga tena, na mshale wa mwendo ukakwama kwenye hamsini huku kitaa kimoja cha dashibodi kikianza kupepesa. Nikaegesha pembeni, nikampigia fundi.

“Zima, ngoja dakika mbili, washa,” akasema. Nikafanya. “Pima oili ya giaboksi, injini ikiwa inanguruma.” Ilikuwa imejaa, nyekundu na safi. “Vuta mkono kwenye mbili, urudishe kwenye D.” Nikavuta na kurudisha mpaka mkono ukauma.

“Ndugu yangu,” akasema mwishowe, “kwani Magamba si lilipanda?”

“Lilipanda.”

“Basi ni zima hilo.”

“Ni zima, ila haliendi.”

Dada akapiga. Nikamweleza. “Mdogo wangu, liache hapo hapo, panda basi uje. Gari la kumleta mama nitalitafuta huku.” Mabasi yalikuwa yakinipita moja baada ya jingine, na mkono ningeweza kunyoosha. Nikajibu, “Nakuja na gari.”

Sikuwa na sababu nyingine zaidi ya ubishi na lile godoro nililolitandika.

Basi nikajikokota katikati ya mashamba ya mkonge kwa mwendo wa hamsini, injini ikilia, harufu ya oili iliyoungua ikiingia ndani. Kila baada ya muda nilisimama nikafungua boneti ipoe. Nilipofika Korogwe, mama mwenyewe akaomba simu ya dada, akanipigia.

“Umefika wapi, baba?”

“Korogwe, mama. Nakaribia.”

“Mimi nimeshavaa. Dada yako amenivalisha kitenge changu cha kanisani. Bado viatu tu, nitavaa ukifika.”

Korogwe si karibu na Tanga. Alijua, na hakunisahihisha.

Alifariki mchana, nikiwa Muheza nimeinamia boneti, namimina maji kwenye rejeta. Dada hakunipigia, aliogopa nisije nikaanguka na gari. Nilipofika Tanga niliingia chumbani nikamkuta mama amelala juu ya shuka na kitenge chake, na viatu vyeusi vimepangwa chini ya kitanda, ncha zikielekea mlangoni.

Tulimpandisha kwa gari dogo la mizigo, mimi na dada tukifuata nyuma kwa gari langu. Dada alikuwa amevipakata vile viatu. Kwenye tambarare gari la jeneza lilituacha mara kwa mara, likawa linatungoja. Lakini tulipokunja Mombo na kuanza kupanda, gari langu likatulia. Lilikwenda kona kwa kona, laini, bila kelele, kama siku ile ya Magamba.

“Mbona sasa linakwenda vizuri?” dada akauliza.

Nikaingia kona iliyofuata, nikilifuata jeneza.

Baada ya matanga fundi alikuja mwenyewe bila kuitwa. Alichomoa soketi ya waya za giaboksi, akaimulika, akaniita nione. Kipini kimoja kilikuwa kimelala ndani. Kilipinda siku alipofunga, na bila hicho gia ya tatu haiingii. Alikinyoosha kwa koleo nyembamba, na kazi yote haikumaliza robo saa. Kisha akakaa chini kwenye majani na kujifunika uso. Sikumlaumu, na hata leo simlaumu. Angeniambia niende nikapime Mombo ningemcheka.

Wiki iliyofuata nilishuka Mombo peke yangu, nikaingia barabara kuu, nikakanyaga mafuta. Gia ya tatu ikaingia kabla sijaitegea sikio, kisha ya nne, na mkonge ukaanza kunipita kwa kasi pande zote mbili. Ningeweza kufika Tanga kabla ya saa sita mchana. Nikaegesha pembeni, nikalia kwa sauti, maana gari lilikuwa limepona kweli na Tanga hapakuwa tena na mtu aliyevaa akiningoja.